Handaki la Ng'ombe wa Malachy

Siku waliyofungua ile baipasi, barabara ya kuzunguka mji, waziri alikuja na mkasi. Majibu hakuja nayo, mkasi tu. Bendi ya shule ilipiga, padri akanyunyiza maji ya baraka kwenye lami, na nusu ya mji wa Kilcorra ikaenda kutembea juu ya barabara mpya kabla magari hayajaruhusiwa kupita. Watu wazima na akili zao, wanasukuma vigari vya watoto kwenye lami na kupigana picha, eti wameona maendeleo. Mimi sikwenda. Nilibaki dukani kwangu, kwenye barabara kuu ya zamani, nikakaanga soseji na mayai kama kila Ijumaa, maana madereva wa malori wamekula kwangu tangu nikiwa msichana, na kichwa changu kikakataa kuelewa kwamba hawatakuja.

Mchana wakaondoa vizuizi. Malori yote yaliyokuwa yanapita mlangoni kwangu yakakata kona kule kwenye kipilefti, yakazunguka mji, yakaenda zake. Hadi jioni nilikuwa na sinia zima la soseji zilizopoa. Nikawapa mbwa wa Attracta, jirani yangu wa duka la dawa, na Attracta mwenyewe akatoka nje akasimama katikati ya barabara, mahali ambapo juzi angesagwa na lori, akanyoosha kidole juu.

"Dympna, unasikia?" akaniuliza.

Nikamwambia sisikii kitu.

"Ndiyo hivyo," akasema, na akacheka kwa raha.

Nilitamani kumpiga mwiko kichwani. Lakini ndivyo mji wote ulivyokuwa. Mwenye baa alinuna, mwenye kituo cha mafuta akafunga pampu moja, na wengine wote wakawa wanajisifu kwamba sasa wanavuka barabara bila kusali kwanza. Mwanamke mmoja alinieleza, mbele ya kaunta yangu isiyo na mteja, kwamba vikombe vyake havitikisiki tena kabatini. Nikamuuliza kama anataka nimpe hongera.

Ila hasira yangu haikuwa ya soseji. Ningekuwa mtu wa kukasirikia biashara tu, ningeshapoa. Hasira yangu ilikuwa ya njia ya makaburini.

Makaburi yetu yako mlimani, upande wa pili wa mashamba, na njia ya kwenda huko ilikuwa moja, ile nyembamba inayotoka mwisho wa barabara kuu. Mtu akifa Kilcorra habebwi na gari. Anabebwa mabegani, watu sita kwa zamu, kutoka kanisani, katikati ya mji, mpaka kaburini. Wanaobeba wanashikana mabega wawili wawili chini ya jeneza, na wanapokezana huku wakitembea, maana jeneza likishainuliwa halishushwi chini mpaka lifike. Baba yangu alikwenda hivyo. Babu yangu alikwenda hivyo kwenye theluji. Na baipasi ikaja ikaikata njia ile katikati kama mkate, ikajenga tuta la udongo na uzio wa chuma, na kibao kinachosema ni marufuku kutembea kwa miguu.

Tulipoona ramani mara ya kwanza, tuliomba handaki dogo tu, la kupita chini ya barabara na maiti wetu. Mhandisi akasimama kwenye ukumbi wa kanisa akasema hakuna fedha ya handaki la waenda kwa miguu. Nikamwonyesha kidole kwenye ramani yake mwenyewe. Palikuwa na handaki pale. Nikamuuliza hili ni la nani. Akashusha miwani akasema hilo ni la ng'ombe wa bwana Malachy Heneghan, kwa kuwa barabara inapita kati ya shamba lake na ng'ombe lazima wavuke kwenda kukamuliwa.

Malachy Heneghan ni mdogo wangu, tumezaliwa tumbo moja.

Nilimwambia mbele ya mji mzima. Nilimwambia ameuza njia aliyopita baba yake, na kwamba ng'ombe wake wamepata heshima ambayo mama yake hataipata. Alisimama pale ameshika kofia, hakujibu neno, na kule kunyamaza kwake kukaniudhi kuliko kama angenitukana. Tangu siku ile sikumsemesha. Waliichimba ile barabara, wakaishindilia, wakaimwagia lami, miaka ikapita, na mimi sikumsemesha. Tulikutana dukani, sokoni, kanisani, nikampita kama nguzo ya umeme.

Mama alikuwa anakaa na mimi, juu ya duka, tangu nyonga zake zilipokataa matope ya shambani. Kila mlo nilimtukana Malachy mezani. Mama alikuwa akipaka siagi kwenye mkate wake taratibu, mpaka pembeni kabisa, halafu anasema, "Mwache nduguyo," basi, anakula. Malachy alikuwa anakuja kumwona Jumapili nikiwa misani, anapanda kwa ngazi ya nyuma kama mwizi. Nilijua kwa sababu nilikuta vikombe viwili. Sikumkataza mama, lakini nilikuwa naviosha kwa kelele.

Mama mwenyewe aliomba jambo moja tu kuhusu kifo chake, na aliniambia kwa mdomo wake, ameshika mkono wangu. Asiwekwe kwenye gari. Apite mjini mabegani kwa watu, apande mlima, alazwe kwa baba. Nikamwahidi. Barabara ilikuwa imeshaanza kuchimbwa, na bado nikamwahidi, kwa sababu sikuwa tayari kumwambia mama yangu kwamba mwanawe ameshaiuza njia yenyewe.

Akafa wiki ya kwanza ya baipasi, usingizini. Attracta alikuja kunisaidia kumvisha, na katika upole wake wa kijinga akasema angalau marehemu alipata siku chache za utulivu. Nikamwambia atoke chumbani. Baadaye nikamwita arudi, maana peke yangu sikuweza kumgeuza.

Tulimlaza chumbani kwake juu, jeneza wazi, mishumaa miwili, rozari mkononi. Watu wakapanda ngazi mmoja mmoja, wakamgusa mkono, wakanipa mkono, wakasema pole kwa msiba, halafu wakashuka jikoni kwa chai na mikate yenye nyama. Na huko jikoni, na maiti iko juu ya vichwa vyao, wakazungumza nini? Baipasi. Dakika ngapi mtu anaokoa kwenda mji mkuu, Dublin. Kipilefti gani kina mwanga mzuri. Nilikuwa nakata mkate na kusikia yote, na kisu changu kikawa kinafika mpaka kwenye ubao. Malachy alikuja jioni na kusimama upande wa pili wa jeneza. Watu walewale wakatupa mkono, mimi kisha yeye, na hatukutazamana.

Ultan Gately, ambaye ndiye anayetuzika sote, alinivuta pembeni karibu na friji. Ni mtu wa maneno laini, amezaliwa nayo.

"Dympna, dada yangu," akasema, "gari litasubiri mlangoni mwa kanisa. Tunapanda kwenye kipilefti, tunashika baipasi kidogo, tunateremkia makaburini. Hata hutahisi."

"Mama yangu hapiti kwenye barabara ile."

"Hakuna njia nyingine, dada."

"Basi tutavuka kwa miguu. Sita na jeneza. Magari yatasimama."

Akaniangalia kama mtu anayepima urefu wangu kwa ajili ya sanduku. Alikwenda kumwambia polisi, nadhani, maana asubuhi yake nilipofika kituoni yule afande alikuwa ananisubiri na chai imeshamiminwa.

Nilimwomba asimamishe magari kwa muda mfupi tu, watu wavuke na maiti wao. Akasema hawezi. Kibali kinatoka Dublin na kinachukua wiki. Nikamwambia, afande, mamangu hawezi kusubiri wiki. Akasema magari yale yanakuja kasi, yanatokea kwenye kona, na waombolezaji wengi ni wazee, akitoa ruhusa mtu akagongwa atamwambia nini mke wa aliyegongwa. Nikamjibu kwamba hiyo itakuwa biashara nzuri kwa Ultan. Nilijua nimesema upuuzi. Alikuwa anatazama kofia yake mezani, na hakuwa mtu mbaya, na hilo pia lilinikera, kwa sababu ninapokasirika napenda kukasirikia mtu mbaya.

Usiku huo Ultan akarudi na ujumbe. Hakutaka kuusema, akazunguka, akasifu maua, mwisho akautoa. Malachy anasema handaki liko wazi.

"Mwambie Malachy apite yeye na ng'ombe wake," nikasema. "Mama yangu hapitishwi kwenye mavi."

Siku ya mazishi misa ilikwisha, tukatoka. Ultan ndiye anayewapanga wabebaji, na anawapanga kwa kimo, maana wa mbele wasipolingana jeneza linapinda. Nilijua atafanya nini kabla hajafanya. Mimi ni mrefu, mrefu kuliko wanaume wengi wa Kilcorra, na wa kulingana nami yuko mmoja tu. Ultan akamweka Malachy kushoto kwangu bila kuniangalia usoni. Jeneza likapanda mabegani. Mkono wa Malachy ukapita mgongoni kwangu ukashika bega langu, na wa kwangu ukabidi ushike lake. Lilikuwa limekonda. Sikutaka kujua kwamba limekonda.

Tukashuka barabara kuu. Maduka yote yalikuwa yamefunga milango na kushusha mapazia, watu wamesimama vizingitini. Na palikuwa kimya. Zamani tukibeba maiti pale tulikuwa na foleni ya malori nyuma yetu, injini zinanguruma, dereva mmoja mgeni anapiga honi, na padri anapaza sauti mpaka inakauka. Siku hiyo nilisikia viatu vya watu tu, na rozari, na mtu akilia mlangoni kwa Attracta. Ilikuwa nzuri. Nilichukia kwamba ilikuwa nzuri, nikabana meno nikaendelea.

Tukafika mwisho wa mji, pale njia ya zamani inapogonga uzio. Gari la maiti lilikuwa pale, injini inawaka. Yule afande alikuwa amesimama mbele ya tuta, mikono nyuma. Mji mzima ulijua nilichosema kwamba nitafanya, na mji mzima ukatulia kunitazama kama nitakifanya. Niliangalia juu. Magari yalikuwa yanapita moja baada ya lingine, kwa kasi ile ya watu wasiojua kwamba hapa pana watu. Nyuma yangu walikuwa wazee na fimbo zao, na mjukuu wa mwenye baa begani kwa babake. Sikuweza. Nasema wazi, nilitaka, na sikuweza.

Ultan akafungua mlango wa nyuma wa gari. Nikaona lile tandiko la zambarau mle ndani, na vile vigurudumu vya kutelezesha sanduku, na nikahisi bega la Malachy likikaza chini ya mkono wangu. Upande wa kulia palikuwa na lango la shamba lake, na mtelemko, na mdomo wa handaki.

Kati ya mavi na lami, nikachagua mavi.

"Fungueni lango," nikasema.

Malachy alikuwa ameliosha handaki. Niliona zege bado limelowa, na majani makavu mapya yametandazwa kutoka langoni mpaka ndani. Harufu ilikuwa palepale, harufu ya ng'ombe huwezi kuiosha kwa bomba. Na dari ilikuwa ya chini. Handaki limejengwa kwa kimo cha ng'ombe, si cha binadamu mwenye jeneza begani. Ikabidi tumshushe mama mpaka kwenye mikono, tumshike kwa vishikio, na sisi sote sita tuiname ndipo tuingie. Hapakuwa na nafasi ya mtu mwingine pembeni. Padri na watu wakabaki nyuma wakisubiri tutoke ndipo wafuate.

Katikati ya handaki ndipo niliyasikia malori. Yanapita juu yetu, duu, duu, kila moja likigonga mahali palepale kwenye kiungo cha zege, na vumbi la saruji linadondoka juu ya kifuniko cha mama yangu. Mji mzima uko nyuma yetu unasubiri, na sisi tunainama chini ya malori kama wezi. Wanaobeba hawazungumzi, ni mwiko, na mimi nikazungumza.

"Furahi basi," nikamwambia Malachy huku nimebana meno. "Umemuuzia mama barabara juu ya kichwa, na sasa unampitisha njia ya ng'ombe wako."

Akapiga hatua kadhaa. Uso wake ulikuwa karibu na wangu, umeinama, umetoka jasho.

"Sikuuza mimi, dada."

"Nyamaza."

"Shamba halijawahi kuwa langu. Liko kwa jina la mama mpaka leo. Aliuza yeye."

Wale wanne nyuma yetu walisikia, najua walisikia, maana mwendo ulipungua. Nikamwambia ni mwongo. Akaendelea kwa sauti ya chini ileile, kama mtu anayemtuliza ndama, na kila neno lilikuwa linaingia na mimi sina mkono wa kuziba sikio.

"Na handaki aliliomba yeye. Walimwambia handaki la maiti hakuna, la ng'ombe lipo. Akasema basi andikeni ng'ombe. Alitaka dari iwe juu zaidi, wakakataa."

"Kwa nini auze?"

"Alikuwa halali, Dympna. Malori yalikuwa yanamtikisa kitanda usiku kucha. Hakuweza kukuambia, kwa sababu ndiyo yaliyokuwa yanakulisha."

"Na wewe ukanyamaza."

"Alinifunga mdomo akiwa hai. Aliniambia, wewe unaweza kukosana naye, una nyumba yako. Mimi nakula mezani kwake."

Lori likapita juu. Nilitaka kuachia. Nilitaka kuliweka lile sanduku chini kwenye majani, nifungue kifuniko, nimshike mabega nimuulize. Miaka yote ile. Ananisikiliza namtukana mwanawe, anapaka siagi mpaka pembeni, na anajua. Aliniacha nisimame ukumbini nipige kelele juu ya handaki lake mwenyewe. Aliniogopa. Mama yangu mzazi, niliyemwogesha, niliyemkatia kucha, alikuwa ananiogopa, na akaona afadhali nimchukie Malachy kuliko kuniambia kwamba hapati usingizi nyumbani kwangu. Nilikuwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo kwa mhandisi wala kwa waziri, na niliyemkasirikia nilikuwa nimembeba, na vidole vyangu vilikuwa vimekufa ganzi kwenye kishikio, na desturi haikuniruhusu kumshusha.

Tukatoka upande wa pili kwenye mwanga. Tukamwinua tena mabegani. Watu wakapita handaki nyuma yetu wakiinama mmoja mmoja, wakijifuta viatu kwenye nyasi, na njia ya zamani ikaanza kupanda mlima mbele yetu, ileile, na mawe yake. Mume wa Attracta akaja akanigusa kiwiko, maana zamu yake ilikuwa imefika. Nikamwambia arudi nyuma. Akanibembeleza, akasema huku ni kupanda na nimeshachoka.

Nilikuwa nimechoka kweli. Lakini nilikuwa na mengi ya kumwambia mama, na kilichobaki kilikuwa kipande kile tu cha mlima. Basi nikaanza kumgombeza palepale, kwa sauti, shavu langu kwenye ubao, mbele ya padri na mji mzima. Nikamuuliza alidhani mimi ni mtu gani. Nikamuuliza kama asingeweza hata kunigongea ukuta usiku mmoja, mara moja tu, nijue. Watu wakaacha rozari. Ultan akatazama mbele. Malachy akanishika bega kwa nguvu zaidi, nami nikalishika lake, na nikaendelea kumgombeza mpaka tukafika kwa baba.